Sura ya 7: Kwa Nini Kitabu cha Maktaba Kiwekwe Chipu?

Kila maktaba inapotangaza mpango wa kuleta mashine ambazo msomaji ataazima kitabu mwenyewe bila kupita kwa mkutubi, swali ni lilelile, liwe limetoka kwa mwanafunzi, kwa mwalimu au kwa diwani anayepitisha bajeti: vitabu vyenyewe havitoshi, rafu nyingine zimejaa vya mtaala uliokwisha kubadilishwa, sasa hizo pesa za chipu za nini? Ni swali la haki kabisa. Maktaba ipo ili mtu apate kitabu anachokitafuta, akae nacho kwa muda aliopewa, akirudishe, na mwenzake akichukue. Kifaa kisichosaidia safari hiyo ni pambo tu, tena la gharama.

Sura hii inajibu kwa hoja moja. Lebo za redio na kadi janja huharakisha utaratibu ambao maktaba inao tayari. Maktaba yenye kumbukumbu safi itaokoa saa nyingi za kazi. Yenye kumbukumbu mbovu itakuwa imenunua njia ya haraka zaidi ya kukosea. Ndiyo maana thamani ya mitambo hii haipimwi kwa uzuri wake siku ya uzinduzi. Hupimwa kwa mambo mawili: hali ya orodha ya vitabu kabla mashine hazijaletwa, na kazi wanayopewa wakutubi baada ya mashine kuwaondolea shughuli za kaunta.

Saa za mkutubi huishia wapi

Ili kujua mashine inapunguza nini, tutazame kwanza kazi inayofanyika kila kitabu kinapotoka na kurudi. Katika utaratibu wa zamani, ambao bado unaendelea katika shule na maktaba nyingi, nyuma ya jalada kuna kimfuko chenye kadi ya kitabu, na kando yake karatasi ya tarehe. Mkutubi huchomoa kadi, huandika namba ya msomaji, hugonga muhuri wa tarehe ya kurudisha, kisha huipanga kadi kwenye trei kufuata tarehe. Kitabu kikirudi, huitafuta kadi ileile kwenye trei, huirudisha kwenye kimfuko, hufuta deni la msomaji, na kukipeleka kitabu rafuni. Hakuna hatua iliyo ngumu. Lakini zikirudiwa mara mia mbili kwa siku, saa ya kumsaidia mwanafunzi anayehangaika na mada yake haipatikani.

Msimbopau, ile mistari myeusi tunayoiona kwenye pakiti za sabuni na unga, ulipunguza sehemu ya kazi hiyo. Badala ya kuandika, mkutubi humulika mistari kwa skana na kompyuta ikajaza yaliyobaki. Hata hivyo msimbopau una masharti mawili. Lazima skana iione mistari yenyewe, kwa hiyo kitabu kitolewe, kigeuzwe, pengine kifunguliwe. Na lazima vitabu vipite kimoja kimoja. Kwenye kaunta masharti hayo huvumilika. Mzigo wake huonekana siku ya ukaguzi, maktaba inapotaka kujua ni vitabu vingapi bado viko rafuni, vipi vimepotea, na vipi vimewekwa mahali pasipo pake.

Chukua mfano wa hesabu. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 2018, ilijengwa iweze kuhifadhi vitabu 800,000. Tuseme rafu za ukubwa huo zimejaa, na kila kitabu kinachukua sekunde 10 kukichomoa, kukimulika na kukirudisha. Jumla ni zaidi ya saa 2,200. Mtu mmoja anayefanya kazi saa nane kwa siku atahitaji siku zipatazo 278, yaani zaidi ya mwaka mzima wa kazi ukitoa wikendi na likizo. Siku anayomaliza rafu ya mwisho, ile ya kwanza imeshachakaa kwa mabadiliko. Hii ndiyo sababu maktaba kubwa ama hufunga milango ili kukagua, ama huahirisha ukaguzi mwaka baada ya mwaka hadi orodha na rafu zinakuwa vitu viwili visivyojuana.

Ndani ya lebo

Lebo ya redio, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi RFID, ni kibandiko chembamba. Zile za vitabuni mara nyingi ni za mraba wenye upande wa sentimita tano hivi. Ukiinua moja mbele ya mwanga utaona waya bapa wa alumini au shaba uliozungushwa mara kadhaa kufuata kingo, na mahali fulani kwenye mzunguko huo kuna nukta nyeusi ndogo kuliko punje ya mchele. Waya ni antena na nukta ni chipu. Betri haimo. Mkutubi huibandika ndani ya jalada la nyuma, karibu na mshono, kisha huifunika kwa karatasi yenye jina la maktaba.

Kwa kuwa haina betri, lebo haisemi chochote mpaka iulizwe. Kisomaji, yaani kifaa cha kuisoma, hutengeneza uga wa sumaku unaobadilika mara milioni 13.56 kwa sekunde. Hayo ndiyo masafa ya megahezi 13.56 yaliyozoeleka maktabani. Lebo ikiingia katika uga huo, waya wake hupata umeme kidogo, chipu huamka, nayo hujibu kwa kuuvuruga uga kwa mpangilio maalumu. Kisomaji husoma mvurugo huo kama namba. Zikiwepo lebo tano kwa pamoja, kisomaji huziita kwa zamu, haraka kiasi kwamba msomaji aliyeweka rundo la vitabu vitano mezani huona majina yote matano yakitokea kwenye kioo karibu wakati mmoja. Hakuna aliyefungua jalada.

Teknolojia yenyewe si ngeni kwa Waafrika Mashariki. Hereni za kielektroniki zinazovalishwa ng'ombe hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, ingawa kwa masafa ya chini zaidi. Kadi ya basi ambayo abiria wa Kigali huigusisha kwenye mashine anapopanda ni ndugu wa karibu, na kadi za aina hiyo kwa kawaida hutumia megahezi 13.56 kama lebo za vitabu. Hata simu nyingi za kisasa zina kisomaji cha masafa hayo. Jambo hilo la mwisho lina uzito wake, na tutalirudia tutakapozungumzia faragha.

Kumbukumbu ya lebo ni ndogo sana. Aina iliyotumika sana maktabani ina biti 1,024, nafasi ya herufi 128 hivi. Humo huwekwa namba ya kitabu, namba ya maktaba inayokimiliki, na alama moja ya usalama inayoonyesha kama kitabu kimeazimwa. Jina la kitabu, mwandishi, mahali kinapokaa na nani anacho, yote hayo yako kwenye kompyuta ya maktaba, ndani ya orodha inayoitwa katalogi. Lebo inabeba ufunguo tu, na habari yenyewe imo katalogini. Msomaji akilishika hilo, sehemu kubwa ya hoja ya sura hii ameshaielewa.

Kadi si lazima iwe janja

Upande wa pili wa muamala ni msomaji. Kadi janja ni kadi yenye chipu inayoweza kufanya hesabu, siyo kutunza namba peke yake. Nyingine zina kibamba cha rangi ya dhahabu kinachochomekwa kwenye mashine, kama kadi ya benki. Nyingine hugusishwa tu. Tofauti yake na kadi ya msimbopau ni kwamba ina uwezo wa kuthibitisha kuwa ni halali kwa kujibizana na mashine kwa siri. Inaweza pia kutunza salio la kulipia fotokopi na faini, na kufungua mlango wa chumba cha kusomea. Vyuo vikuu huipenda kwa sababu kadi moja hutumika maktabani, bwenini na kwenye mkahawa.

Urahisi huo una bei yake. Kadi moja ikifungua milango yote, anayeiiga amepata milango yote. Mwisho wa mwaka 2007 na katika mwaka 2008, watafiti wa Ujerumani na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba kadi ya MIFARE Classic, iliyokuwa imeenea duniani kote katika usafiri na majengo, ilikuwa na ulinzi dhaifu unaoweza kuvunjwa na kadi ikanakiliwa. Kampuni iliyoitengeneza ilikwenda mahakamani kuzuia matokeo yasichapishwe, na mahakama ya Uholanzi ikaruhusu yachapishwe. Maktaba inayonunua kadi leo haina sababu ya kurudi kwenye kizazi hicho, hata ikipewa kwa bei ya kutupa.

Kuna pia jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema wazi: lebo na kadi ni maamuzi mawili tofauti. Maktaba inaweza kubandika lebo vitabu vyote na bado ikawatambua wasomaji kwa kadi ya karatasi ngumu yenye msimbopau na namba ya siri. Kwa maktaba ya wilaya isiyo na milango ya kielektroniki wala mfumo wa malipo, kadi ya kawaida inatosha. Pesa zinazobaki ziende kwenye katalogi.

*Kwa ufupi:*

- Lebo ya redio haina betri, husomwa bila kuonekana, na kadhaa husomwa kwa pamoja.
- Lebo hubeba namba. Habari za kitabu ziko kwenye katalogi.
- Kadi janja inafaa panapokuwa na malipo au milango ya kulinda. Kwingineko kadi ya msimbopau hutosha.

Ushahidi wa Singapore

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Singapore. Mwaka 1994 kamati iliyoundwa na serikali ilitoa ripoti iliyoitwa Library 2000, ikapendekeza maktaba za umma zifanywe upya kabisa. Septemba 1995 ikaundwa Bodi ya Taifa ya Maktaba. Kadiri maktaba mpya zilivyofunguliwa kwenye majengo ya maduka na karibu na makazi ya watu, wasomaji waliongezeka, na foleni nazo zikarefuka. Watu walipanga foleni ili kuazima, na wakapanga foleni tena ili kurudisha, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuacha kitabu mezani kabla jina lake halijaondolewa kwenye deni.

Mwaka 1998 maktaba ya mtaa wa Bukit Batok ikawa ya kwanza kujaribiwa lebo za redio, na kufikia mwaka 2002 mfumo ulikuwa umeenea katika maktaba za umma za nchi hiyo. Badiliko kubwa lilikuwa kwenye tundu la kurudishia vitabu. Msomaji hukisukuma kitabu kwenye tundu ukutani, kisomaji kilichofichwa nyuma yake hukitambua kinapoanguka, na deni hufutwa papo hapo, hata kama maktaba imefungwa. Angeweza pia kukirudisha tawi lolote. Mwaka huohuo wa 2002 ilifunguliwa maktaba ya Sengkang, ambako wasomaji walijihudumia na mwenye swali akazungumza na mkutubi aliyeko mbali kwa kioo cha video.

Wanaoutaja mfano huu huishia hapo, na wanauacha nusu. Kabla lebo ya kwanza haijabandikwa Bukit Batok, Singapore ilikuwa na katalogi moja ya kompyuta iliyounganisha matawi yote. Bila hiyo, kitabu cha tawi moja kikirudishwa tawi jingine kingekuwa kitabu kigeni kisicho na mwenyewe. Raia waliazima kwa kitambulisho chao cha taifa chenye msimbopau, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kutengeneza kadi janja mpya ili kumtambua msomaji. Faini zililipwa kwa kadi ya malipo iliyokuwa tayari mikononi mwa watu kwa matumizi mengine. Lebo zilikuja kukaa juu ya msingi uliokuwa umeshajengwa. Anayeiga lebo peke yake ameiga paa na kuuacha ukuta.

Maktaba ya Vatikani inatoa ushahidi wa upande mwingine. Haina foleni ya waazimaji. Watafiti husoma humohumo. Taabu yake ilikuwa ukaguzi, uliokuwa ukiifanya ifunge kwa takriban mwezi mzima kila mwaka. Ilipoanza kubandika lebo mwanzoni mwa miaka ya 2000, lengo lilikuwa kuufupisha ukaguzi huo na kugundua haraka kitabu kilichowekwa pasipo pake. Maktaba mbili, shida mbili, kifaa kimoja. Zote zilianza na tatizo linalojulikana, kisha zikatafuta dawa yake.

Mali bila daftari

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa methali hiyo inatumika neno kwa neno. Fikiria mkutubi anapita mbele ya rafu na kisomaji cha mkononi chenye umbo la bapa, akikipitisha kwenye migongo ya vitabu kutoka kushoto kwenda kulia bila kukichomoa hata kimoja. Kifaa kinalia kinapokutana na kitabu cha kilimo katikati ya vitabu vya historia. Kinajuaje? Kimesoma namba, kimeiuliza katalogi, na katalogi imejibu kwamba namba hiyo ni ya kilimo. Katalogi ikiwa na makosa, yaani kitabu kimoja kimeandikwa mara mbili, nakala tatu zimepewa namba moja, au vitabu vya msaada vilivyopokelewa miaka iliyopita havikuingizwa kabisa, kifaa kitalia pasipostahili na kitanyamaza panapostahili kulia.

Kwa sababu hiyo, kazi kubwa zaidi katika mradi wa lebo haina lebo ndani yake. Ni kukaa na kila kitabu, kukilinganisha na orodha, kuondoa vilivyochakaa, kuingiza visivyoandikwa, na kuamua namba moja kwa kila nakala. Maktaba kadhaa za vyuo vya Afrika Mashariki hutumia Koha, programu huria iliyozaliwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000, ambayo mtu huipata bila kulipia leseni. Programu ya namna hiyo inaweza kuunganishwa na mashine za kuazimia kwa itifaki, yaani lugha ya makubaliano kati ya mitambo. Lakini Koha nayo haijazi katalogi yenyewe. Lazima aketi mtu.

Turudi kwenye hesabu yetu ya vitabu 800,000. Tukikadiria kwamba kisomaji cha mkononi kinasoma vitabu viwili kwa sekunde, ukaguzi unashuka kutoka siku 278 hadi siku 14 za kazi za mtu mmoja. Hata kasi ikiwa nusu ya hiyo, ni mwezi mmoja na ushei. Hapo ndipo faida kubwa ya lebo ilipo kwa maktaba isiyo na foleni: ukaguzi uliokuwa hauwezekani unawezekana, na katalogi inaendelea kusema kweli. Hata hivyo faida hiyo humfikia aliyeanza na katalogi ya kweli.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni la faragha. Mwaka 2004 mpango wa maktaba ya umma ya San Francisco, Marekani, ulizua mjadala mkali. Mashirika ya kutetea haki, likiwemo Electronic Frontier Foundation, yalihofu kwamba mtu aliyebeba kitabu ataweza kufuatiliwa au kujulikana anasoma nini. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba hofu hiyo haikuwa ya kufikirika tu: hata lebo isiyo na jina la kitabu hubeba namba isiyobadilika, na namba isiyobadilika inaweza kutambuliwa tena mahali pengine. Januari 2005 Chama cha Maktaba cha Marekani kikapitisha azimio la kanuni za faragha kuhusu lebo hizi.

Pingamizi hili lina ukweli ndani yake na halifai kupuuzwa. Tulisema simu nyingi zinaweza kusoma masafa haya. Kwa hiyo jina la kitabu likiandikwa ndani ya lebo, mtu aliyesogeza simu kwenye begi la jirani atalisoma. Dawa ni kuandika namba tupu. Umbali nao unasaidia: simu husoma kwa sentimita chache, na hata malango ya usalama mlangoni hayazidi mita moja hivi kati ya nguzo na nguzo. Hatari kubwa zaidi haiko hewani, iko kwenye seva, ambako historia ya kila kitabu alichowahi kuazima mtu inaweza kukaa miaka. Historia hiyo ipo hata kwa msimbopau, hata kwa daftari la wino. Maktaba ikate uhusiano kati ya msomaji na kitabu mara kinaporudi na deni kuisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinampa mwananchi msingi wa kuuliza taarifa zake zinatunzwa kwa nini na kwa muda gani. Maktaba iwe na jibu kabla ya kuulizwa.

Pingamizi la pili ni ajira. Hapa wanaotetea mashine hujibu haraka mno kwamba hakuna atakayepoteza kazi. Huko Berkeley, katika maktaba ya umma, lebo zilipoingia katikati ya miaka ya 2000 wafanyakazi na baadhi ya wakazi walizipinga, hasa kwa kuwa zilikuja sambamba na mazungumzo ya kupunguza watu. Mashine haina nia. Bodi ndiyo yenye nia. Saa zilizookolewa kwenye kaunta zinaweza kugeuzwa kuwa barua za kuachishwa kazi, au zikageuzwa kuwa saa za kuwasomea watoto hadithi, kuwafundisha wanafunzi kutafuta makala, na kwenda shuleni na sanduku la vitabu. Katika nchi zetu, ambako mkutubi mmoja mara nyingi huhudumia watu wengi kupita uwezo wake, njia ya pili ndiyo yenye mantiki. Iandikwe kwenye mpango tangu mwanzo, kwa majina ya kazi na idadi ya saa, isiachwe kwenye hotuba.

Pingamizi la tatu ni umeme na mtandao. Umeme ukikatika, lango halilindi na mashine haiazimishi. Jibu ni la kawaida: betri ya akiba kwa seva na kaunta, na programu inayoweza kuandika miamala bila mtandao kisha ikaipeleka mtandao ukirudi. Koha, kwa mfano, ina njia ya namna hiyo. Lakini tukubali pia kwamba mahali ambako umeme hukatika kila siku kwa saa nyingi, mashine ya kujihudumia bado si wakati wake. Huko lebo zinaweza kufaa kwa ukaguzi, kwa kuwa kisomaji cha mkononi hubeba chaji yake.

Pingamizi la nne ni wizi, na hapa wauzaji ndio wa kupingwa. Huuza lango la usalama kana kwamba ni askari asiyelala. Ukweli ni kwamba lebo inaweza kubanduliwa, inaweza kufunikwa kwa karatasi ya alumini, na hufichwa na lebo nyingine vitabu vyembamba vikibanana. Lango humkumbusha aliyesahau. Mwizi aliyedhamiria halimsumbui. Lebo ni hodari katika kuhesabu, na dhaifu katika kulinda.

La mwisho ni lile la diwani wetu: pesa. Miaka ya mwanzo bei ya lebo moja ilikaribia dola ya Marekani; leo imeshuka hadi senti za dola, hasa zikinunuliwa kwa maelfu. Tuseme lebo moja inafika Tanzania kwa shilingi 500. Maktaba yenye vitabu 20,000 italipa shilingi milioni 10 kwa lebo peke yake, kabla ya mashine na malango. Kitabu kipya kikiwa shilingi 20,000, hizo ni pesa za vitabu 500. Nani athubutu kusema chipu zina haki zaidi ya vitabu 500? Lakini tazama ndani ya rafu. Katika maktaba nyingi sehemu ndogo ya vitabu ndiyo inayozunguka kila wiki. Kama vinavyozunguka ni 3,000, gharama ya kuvibandika ni shilingi milioni moja na nusu, na karibu faida yote ya kaunta imepatikana. Vingine vibandikwe kadiri vinavyoazimwa, na vilivyokufa viondolewe rafuni kabisa.

Kuanzia wapi

Hoja hizi zikiwekwa pamoja, mpangilio wa kazi unajitokeza wenyewe:

1. Taja shida kwa namba: foleni ya dakika ngapi, ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini, vitabu vingapi havijulikani viliko.
2. Safisha katalogi. Ondoa, ongeza, sahihisha, kitabu baada ya kitabu.
3. Chagua lebo zinazofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 28560, kilichochapishwa mwaka 2011, kinachoeleza habari zipangwe vipi ndani ya lebo za maktaba. Lebo za kiwango hicho zinaweza kusomwa na mashine za kampuni nyingine, kwa hiyo maktaba haifungwi na muuzaji mmoja.
4. Anza na vitabu vinavyozunguka, kaunta moja na kisomaji kimoja cha mkononi.
5. Andika kanuni ya faragha na mpango wa saa za wakutubi kabla ya kutia saini mkataba.
6. Kadi janja ije mwisho, na ije tu kama kuna malipo au milango inayoihitaji.

Katika mpangilio huu, hatua mbili za kwanza hazigharimu chipu hata moja, na ndizo zinazoleta nafuu kubwa zaidi kwa msomaji wa kawaida. Maktaba inayozikamilisha na kugundua kwamba foleni imekwisha na vitabu vinaonekana haina haja ya kuendelea. Imeshapata ilichokuwa ikikitafuta. Inayozikamilisha na bado ikazidiwa na wingi wa wasomaji inazistahili lebo zake, na itazitumia vizuri. Inayotaka kuziruka hatua hizo ili kufika kwenye mashine haijawa tayari, hata kama mfadhili amekubali kulipa.

Kwa hiyo mwananchi anayesikia kwamba maktaba ya mji wake itaingia katika mfumo huu asianze kwa kuuliza bei ya mashine. Aombe kuonyeshwa katalogi. Achague vitabu kumi kutoka humo, aende rafuni avitafute. Vikipatikana tisa au kumi, mradi una miguu ya kusimamia. Vikipatikana vinne, bodi ishauriwe ianze na wino, kalamu na subira, na zabuni ya chipu isubiri.